Mzee Majuto Tuliyemcheka Sisi wa Kyela

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lolote lenye manufaa, nilimjibu kwamba nitazungumza juu ya marehemu Mzee Majuto. Katibu alinipigia simu. Akanikumbusha kwa upole kwamba mwaka jana msemaji alieleza magonjwa ya kakao, na mwaka juzi mwingine alieleza mapato ya halmashauri. Nikamwambia kwamba mambo hayo ni mazito nami nayaheshimu, ila sijapata kuona watu wa wilaya hii wakiacha kazi zao na kutembea katika mvua ya mwezi wa Aprili kwenda kusikiliza habari za mapato. Kwa Mzee Majuto walitembea. Katibu akacheka, akaniandika kwenye ratiba.

Kwa faida ya vijana ambao mnamjua kwa vipande vya dakika moja tu kwenye simu, nitasema kwa kifupi alikuwa nani. Jina lake ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya nchi hii kupata uhuru, na hakuacha mpaka ugonjwa ulipomlaza. Kwanza alikuwa mtu wa jukwaani. Baadaye zilipokuja kanda za video, na baada yake sahani za CD na DVD, alicheza michezo mingi kiasi kwamba nadhani hata yeye mwenyewe hakuijua hesabu yake. Wengine walimwita King Majuto. Sisi huku tulimwita Mzee, ikatosha.

Sasa yafaa mjue jinsi alivyotufikia, maana hakutufikia kwa njia waliyofikiwa watu wa Dar es Salaam. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi, na kituo cha serikali kilianza mwaka 2000. Mimi nilikuwa katika shule hii kati ya mwaka 1995 na 1998, na burudani yetu ilikuwa redio ya mwalimu wa zamu, iliyowekwa dirishani ikiwa mwalimu mwenyewe ameshiba. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wametusimulia Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania kama watu wanaosimulia vita walivyopigana. Sisi tulikuwa na Mahoka, na tulikuwa na Twende na Wakati iliyoanza mwaka 1993. Jioni nyingine upepo wa ziwa ulileta redio ya Malawi kwa nguvu kuliko ya kwetu, nasi tukawasikiliza Izeki na Jakobo wakitaniana kwa Kichewa, tukacheka pale walipocheka wale wenzetu waliokuwa na shangazi ng'ambo ya Songwe.

Mzee Majuto alitufikia katika kibanda cha video.

Naomba nikae hapa kidogo. Kibanda ninachokijua mimi kilikuwa Kyela mjini, si mbali na soko. Kuta zake zilikuwa za mabanzi, paa lake la bati, na mabenchi yake yalikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya magogo ya miembe. Umeme ukikatika, jenereta iliwashwa nje, na moshi wake uliingia ndani kwa mlango uleule tulioingilia sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiingilio kilikuwa shilingi mia moja, na mtoto mdogo aliyepakatwa hakulipa. Ndiyo maana watoto wa miaka tisa walipakatwa. Siku za picha za Wachina wanaopigana, waliingia vijana watupu. Siku za Mzee Majuto ubao wa nje uliandikwa kwa chaki neno moja tu, MAJUTO, bila jina la mchezo wala saa, na wakaja akina mama wauza mchele wakiwa bado na pishi zao mkononi.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Ipinda kutibiwa jino, nikampeleka. Bibi huyu Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei. Katika mchezo ule Mzee Majuto alikuwa ameficha kuku wa kukaanga chini ya kitanda ili asile na wageni, na wageni hawataki kuondoka. Kwa muda mrefu sana hasemi neno. Anatazama wageni, anatazama kitanda, anameza mate, anawauliza habari za nyumbani kwao mara ya tatu. Bibi alicheka mpaka khanga ikamfumba uso. Tulipokuwa tunarudi alisema kwa Kinyakyusa kwamba mzee yule lazima amewahi kuwa na njaa ya kweli, kwa sababu mtu asiyeijua njaa hawezi kukitazama kitanda namna ile. Nimesoma chuo kikuu, na humo nikasoma insha kadhaa za wataalamu juu ya sanaa za maonyesho. Sijasoma tathmini ya uigizaji iliyozidi hiyo ya bibi yangu wa Ipinda.

Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Watu wengi wanasema alichekesha kwa maneno, na ni kweli Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kitamu, cha mtu aliyezaliwa ndani yake. Lakini maneno yalikuja nyuma ya uso. Alicheza mzee bahili, mzee mpenda vimwana, mzee anayeogopa mkewe, mganga asiye na dawa, baba mwenye nyumba anayedai kodi huku yeye mwenyewe anadaiwa dukani. Wote hao tunao hapa Kyela, na baadhi yao wamo katika bwalo hili. Hakuwapendelea wala hakuwatukana. Alipomcheza mzee mlaghai, mwisho wa mchezo mlaghai aliumbuka, na bado ukamwonea huruma kidogo.

Jambo la pili ninalotaka kulikumbuka lilitokea ndani ya basi. Nyote mnaijua safari ya Dar es Salaam hadi Kyela, jinsi inavyokatisha Mikumi, ikapanda Kitonga, ikapita Makambako na baridi yake, ikashuka Tukuyu penye ukungu na migomba, hadi ufunguapo dirisha ukasikia joto la nyumbani limekupiga usoni. Mwaka mmoja nilisafiri katika basi lililokuwa na wafiwa. Mama mmoja alikuwa amefiwa na mumewe Dar es Salaam. Maiti ilikuwa imetangulia kwa gari jingine pamoja na kaka za marehemu, na yeye na watoto wakapanda basi. Tulipopita Iringa kondakta, pasipo kujua, akaweka mchezo wa Mzee Majuto katika ile televisheni ya juu ya dereva. Abiria wakaanza kucheka, kisha mmoja mmoja wakanyamaza walipomwona yule mama na kitambaa chake cheusi. Kijana aliyekaa mbele akamwambia kondakta azime. Basi zima lilikaa kimya. Ndipo yule mama akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwache. Baba yao alikuwa anampenda huyu." Mchezo ukaendelea. Kufika Igawa mtoto wake mkubwa alikuwa anacheka, na mama mwenyewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na sisi abiria tukacheka kwa adabu, kama mtu anavyokula chakula cha msibani.

Mimi sijui cheo gani wampe mtu aliyeweza kuingia katika basi la namna hiyo bila kuwapo, na asimkosee mtu.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 8 Agosti 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 70. Alikuwa ameugua kwa miezi mingi, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Akazikwa kwao, mkoani Tanga. Tarehe nane mwezi wa nane, kama mjuavyo, ni Sikukuu ya Wakulima. Mimi nilikuwa Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, kwenye banda la halmashauri ninayoitumikia, tukikunja mabango na kupanga magunia ya mfano ya mpunga. Habari ilifika usiku kupitia simu za watu. Katika banda la jirani walikuwa na vipaza sauti vikubwa vya kuitia wateja, wakazima muziki. Mlinzi mmoja mzee, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuja kuuliza kwa nini pamekuwa kimya. Tukamwambia. Akakaa juu ya gunia. Halafu akaanza kutusimulia mchezo mmoja tangu mwanzo, na alipofika katikati mwingine akamsahihisha, na wa tatu akasimama kuonyesha jinsi Mzee alivyotembea. Tulikuwa maofisa wa serikali, wakulima na mlinzi, saa nne za usiku, tunaigizana katika vumbi la Uyole. Nadhani katika sehemu nyingi za nchi watu walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Alikwenda akifuata wengine. Sharo Milionea, kijana aliyecheza naye sana, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari huko Muheza tarehe 26 Novemba 2012. Mzee Small, yaani Said Ngamba, aliyekuwa naye katika kizazi kimoja cha wachekeshaji, alifariki Juni 2014. Nao jirani zetu wa Kenya walimpoteza Mzee Ojwang' tarehe 12 Julai 2015. Huyu Ojwang' nataka vijana mmjue. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na katika Vitimbi alicheza Mjaluo kwa miaka mingi, akakisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo mpaka watu wakaamini ndiyo yake. Tena Wajaluo walimpenda.

Nalitaja hili kwa makusudi. Sisi Wanyakyusa tunajua lafudhi yetu. Lugha yetu haina z wala v, na ulimi wa mtoto wa Ipinda au Matema hauzipati herufi hizo kwa amri ya mwalimu. Enzi zetu kulikuwa na kijana mwenzetu ambaye kila alipojibu "fisuri" badala ya "vizuri" alisimamishwa mbele ya darasa arudie mara kumi, nasi tukacheka. Kicheko kile hakikuwa cha aina ya kile cha kibandani, na vijana mnaelewa tofauti yake bila mimi kuifafanua. Lakini kijana yule alifanya jambo la ajabu. Siku za Jumamosi, katika bwalo hili hili, jukwaa lilikuwa pale ilipo sasa meza ya Katibu, alisimama akaigiza afisa wa serikali kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutufundisha kulima mpunga. Aliisema ile "fisuri" yake kwa makusudi, akaitia mahali pasipotarajiwa, na walimu wakashikilia mbavu. Kwa macho yangu mimi, na nimeona wengi tangu hapo, yeye alikuwa sawa na hao ninaowataja leo. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka hakupata nafasi ya kuendelea. Leo anavua usipa huko Matema, na anavua vizuri. Jumamosi, Wakisi wanaposhusha vyungu vyao ufukweni kwa mnada, watu humzunguka yeye, si vyungu. Hakuna mtu yeyote, shuleni wala nje ya shule, aliyepata kumwambia kwamba kile alichokuwa nacho kina thamani inayoweza kuandikwa katika karatasi.

Miaka michache baadaye runinga zetu zilikuwa na akina Joti, Masanja na Mpoki. Mpoki! Jina lenyewe limetoka katika migomba yetu, na nchi nzima ikalitamka.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, ndipo naomba ruhusa nivae koti la kazi yangu. Mimi ni afisa ugavi. Siku zangu zimepita katika kusoma mikataba ya madawati, ya saruji na ya matengenezo ya magari. Wakati Mzee Majuto anaumwa, jambo lililowaumiza wapenzi wake, pamoja na ugonjwa, lilikuwa swali lililoulizwa kila kijiweni: mtu aliyeuza sahani nyingi namna ile, na ambaye uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya biashara, mbona anachangiwa matibabu? Mwaka ule ule wa 2018 aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dakta Harrison Mwakyembe, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wetu hapa Kyela, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya Mzee Majuto ikiwa miongoni mwake. Sitamhukumu mtu wala kampuni. Nasema tu kwamba ilibidi mtu alazwe kitandani ndipo karatasi zake zikasomwa.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, namba 7, na inamlinda mtunzi, na vilevile inamlinda yule anayeigiza. Tatizo ni kwamba mwigizaji wa vichekesho mara nyingi hulipwa mara moja, fedha taslimu, mwisho wa siku ya kupiga picha, na mchezo wake ukaishi miaka thelathini ukizaa matunda kwa mtu mwingine. Ni kama kumuuzia mtu mkakao kwa bei ya tunda lililokomaa siku hiyo. Mkulima yeyote wa hapa angelikataa biashara hiyo kabla hujamaliza kusema. Lakini akiambiwa na mtu mwenye kamera, mwanawe hukubali, kwa sababu mkakao anauona na kicheko hakioni.

Watu wengine watasema, na Katibu amekwisha niambia, kwamba kuwaeleza wanafunzi mambo ya vichekesho ni kuwapotosha, kwamba mwenye kipaji kimoja atafaulu na mia moja wataacha hisabati. Hofu hiyo naielewa. Nami nina mtoto wa kidato cha pili. Ila simu ziko mikononi mwao tayari. Likizo iliyopita nilionyeshwa kipande kilichopigwa ufukweni na vijana watatu wa wilaya hii, mmoja amevaa koti la babu yake na kushika fimbo, anamdai mvuvi kodi ya ziwa. Kilinichekesha mpaka nikakitazama tena. Kimetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa kata nzima. Hawasubiri ruhusa yetu. Kilichobaki kwetu ni kuamua kama watakutana na karatasi ya kwanza wakiwa peke yao.

Maana karatasi imekwisha kuja. Yule mwenye koti la babu ni mwanafunzi wa shule hii, yumo humu ndani, na nimemwomba ruhusa yeye na baba yake kabla ya kulisema. Mtu mmoja wa mjini alimtumia mkataba wa ukurasa mmoja. Una vifungu vinne. Cha kwanza kinataja fedha, ambazo kwa mvulana wa miaka kumi na saba ni nyingi, na kwa bei ya magunia ya mchele hazifiki sita. Cha pili kinamtaka atoe vipande ishirini. Cha tatu kinasema haki zote za vipande hivyo, na za mhusika yule mwenye koti, jina lake, sauti yake na mwendo wake, zitakuwa mali ya mnunuzi daima, popote duniani. Cha nne ni mahali pa sahihi.

Baba yake ni mkulima wa Ngana. Alinijia na karatasi hiyo imekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa na swali moja: "Mwanangu akisaini, je, mimi nikikaa kibarazani kwangu na koti lile lile nikawachekesha wajukuu, nitakuwa nimeiba?" Nilimwambia kwamba kwanza mtoto hajafikisha miaka kumi na minane, hivyo mbele ya sheria zetu za mikataba hawezi kujifunga peke yake, na anayemwambia asaini bila mzazi ama hajui sheria ama anaijua sana. Nikamwambia pia kwamba swali lake la kibarazani ndilo ambalo wakili angeliuliza, na wakili angelitoza fedha kuliuliza.

Hatukuikataa karatasi. Fedha zile wanazihitaji, kuna ada ya mdogo wake na bati la jikoni. Tumeandika kwa kalamu ya risasi pembeni: mnunuzi atumie vipande hivyo ishirini kwa miaka mitatu; mhusika abaki mali ya kijana; kila tangazo la biashara lilipiwe peke yake; jina la kijana litajwe. Mmoja wetu hapa, aliyemaliza mwaka mmoja nami na sasa ni wakili Mbeya, amekubali kuipitia leo baada ya chakula, bila malipo, mradi apewe samaki wa kuchoma. Kijana atasimama jioni hii kuigiza yule mdai kodi, na yule rafiki yetu mvuvi wa Matema amekuja pia, nimemwona akiingia kwa mlango wa jikoni, na wamekubaliana kwamba yeye ndiye atakayedaiwa.